Maharage ya Harusi ya Neema

Vijana wangu wainjilisti, mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, sasa kwa kuwa nimekabidhi funguo za kanisa na ninaruhusiwa kulala Jumapili mpaka jua litoke. Silali. Mwili umeshazoea. Kila Jumapili nagutuka alfajiri natafuta viatu, halafu nakumbuka kengele ina mwenyewe mwingine, basi nabaki kitandani nikimkosoa anavyoipiga. Anaipiga haraka mno, kama mtu anayefukuza nyani shambani.

Habari za vyeo sina. Mwinjilisti anaanza akiwa mwinjilisti na anamaliza akiwa mwinjilisti mwenye magoti mabovu. Habari za mshahara nazo nitaziacha, maana zile zilikuwa za kuombewa tu. Nitawaandikia kazi yenyewe, na hasa harusi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka, halafu natafuta kitambaa cha kufutia macho.

Nilipangiwa mtaa wa Kwemzitu, kule juu, ukishapita njia ya kwenda Rangwi na kuanza kujiuliza nani alikutuma. Mimi ni Mbondei wa Muheza, mtoto wa joto na michungwa. Nilifika wakati wa mvua, nimevaa viatu vya kisigino kwa sababu mama yangu aliniambia mtumishi wa Mungu aonekane nadhifu. Wazee wa kanisa walikuwa wamejipanga mlangoni kunipokea, na kwaya na tarumbeta zake. Kanisa liko chini ya njia. Nilikanyaga tope mara moja tu, nikashuka mteremko wote kwa makalio mpaka miguuni pa mzee wa kanisa, mkoba kifuani. Kwaya ikanyamaza. Nikasema kutoka pale chini, "Bwana Yesu asifiwe!" Wakajibu, "Ameen," kwa adabu kabisa, huku midomo inawacheza.

Jioni wanawake wakaniletea maji ya moto na viazi vitamu. Mama mmoja akanipa pole, akasema, "Tuliogopa watatuletea mtu wa kujivuna. Kumbe wametuletea Mbondei." Wakacheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikacheka nao, maana Wasambaa na sisi tunataniana tangu zamani na ukinuna umeshindwa. Kesho yake nilinunua mabuti ya mpira. Hayo ndiyo vazi la utumishi kule, joho ni la Jumapili tu.

Aliyenipokeza kazi alikuwa Mwinjilisti Yeremia, mzee mwembamba aliyekuwa anakaribia kustaafu. Sala zake zilikuwa fupi kuliko za mtu yeyote niliyewahi kumsikia, na nilipomuuliza sababu alisema, "Mungu anajua Kishambaa. Hana haja ya kurudiwarudiwa." Siku ya kwanza tulipokwenda kutembelea nyumba za washarika, nilibeba kitabu cha nyimbo mkononi. Akanitazama, akasema, "Usiingie nyumbani kwa mtu na wimbo mkononi. Ingia na kuni." Nilidhani ni methali. Nikawa natafakari maana yake ya kiroho huku tunatembea, mpaka nilipomwona anainama njiani na kuokota vijiti, anavifunga kwa mgomba mkavu, ananitwika. Tulifika kwa mjane mmoja aliyekuwa anapuliza moto wa kuni mbichi, machozi yanamtoka. Yeremia akachochea moto kwanza. Maji yalipochemka, yule mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Haya, sasa tuombe." Tangu siku hiyo sikuingia nyumba mikono mitupu.

Vifaa vyangu vingine havikuwa vingi. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mti kwa mnyororo, na inapigwa kwa kipande cha nondo. Mwavuli nilikuwa nao, ukungu ukawa unaupita pembeni. Kitabu cha nyimbo kilivimba kwa unyevu hata kikakataa kufungwa. Lakini kifaa kikubwa kilikuwa kigoda cha jikoni, kwa sababu mambo ya watu husemwa jikoni. Sebuleni utaambiwa kila kitu kizuri na utapewa soda.

Jikoni ndiko nilikomaliza kesi ya mume na mke fulani, siwataji kwa kuwa bado wanakaa kiti cha mbele kanisani. Walinuniana. Hawasemeshani kabisa, ila kwa kuwa ni Wakristo safi hawakuacha sala ya jioni, na huko ndiko walikogombania. Nilialikwa nisali nao. Mume akaanza: "Ee Bwana, mfungue macho mama huyu aone kwamba shati langu la ibada halina kifungo." Mke akadakia, macho yamefumbwa: "Ee Bwana, mkumbushe mtumishi wako kwamba sindano ilipo anapajua." Wakanisubiri mimi. Nikasema, "Ee Bwana, hawa wote wawili umewasikia, na mimi pia nimewasikia, na majirani. Amina." Mke akaanza kucheka kwanza. Jumapili iliyofuata mume alikuja na kifungo amekishona mwenyewe, kimekaa upande, na mke anatembea karibu naye kwa maringo.

Sasa nije kwa Elisante na ile harusi.

Elisante alikuwa mzee wa kanisa, na kama kuna mtu aliyempenda Yesu pale Kwemzitu ni yeye. Ngazi za mawe za kushukia kanisani, zilizowaokoa wengi na aibu kama yangu, alizijenga kwa mikono yake. Tatizo lake ni kwamba alikuwa na kiherehere. Akihudhuria semina, ole wetu. Semina ya maombi ilituletea mikesha. Semina ya unyenyekevu ilimfanya atangaze kila Jumapili jinsi alivyo mnyenyekevu. Tulimpenda, tukawa tunaomba semina zipungue.

Mjue pia desturi ya kule. Kwemzitu Waislamu na Wakristo ni watu wa tumbo moja. Kaka anaitwa Hamisi, mdogo wake anaitwa Yohana, na shamba la kabichi wamegawana kwa mfereji. Kwa hiyo Mkristo akiwa na harusi, ng'ombe huchinjwa na Mzee Athumani, Mwislamu, mchinjaji wa kijiji kizima, ili watu wote wale sinia moja. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Mzee Athumani anakuja baada ya swala ya alfajiri, kisu kimefungwa kwenye kitambaa, anafanya kazi yake, anapewa chai, basi.

Neema alikuwa binti wa marehemu kaka yake Elisante. Mama yake Neema alizaliwa Mwislamu, binti wa Bibi Mwanahawa wa pale pale kijijini. Alipompenda kijana wa Kikristo akabatizwa, akaolewa kanisani. Bibi Mwanahawa ilimuuma, lakini siku ya harusi alikwenda, maana mtoto ni mtoto. Kumbe siku hiyo wenye shughuli walikuwa wamechinja wenyewe. Kwa kudhani wanamheshimu, wakamtenga nyuma ya nyumba, peke yake, wakamwekea yai la kuchemsha kwenye sahani. Bibi akalitazama lile yai. Akainuka, akajifunga kanga, akaenda zake bila kula na bila kumbariki binti. Hawakusemeshana tena, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Yule binti akaugua, akafa, na hawajasemeshana.

Aliyemchukua Neema kumlea ni Bibi Mwanahawa huyohuyo. Na niwaambie, kwenye darasa langu la kipaimara hakuna mtoto aliyekuwa akiwahi kama Neema. Bibi alimwamsha, akamsuka, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi za kanisa, akasimama pale juu na mkongojo wake kuhakikisha ameingia. Siku moja Neema alitaka kutoroka akacheze. Bibi akamrudisha kwa sikio, akaniambia, "Mwinjilisti, huyu ni Mkristo wenu. Msimwache akawa Mkristo mvivu."

Basi Neema alipochumbiwa, alikuja kwangu jikoni. Nilidhani anataka ushauri wa ndoa, nikajiandaa.

"Mama Mwinjilisti," akasema, "mimi sitaki gari la maua. Muziki wakipiga sawa, wasipopiga sawa. Nataka kitu kimoja. Bibi yangu ale kwenye harusi yangu."

"Atakula, mwanangu. Nani atamnyima?"

"Mama yangu alikufa akisema, 'Mama hakula harusini kwangu.' Hilo ndilo alilokuwa akisema kila mara. Nataka bibi ale, ale na watu wote, asitengwe."

Nikamwahidi. Nikamwambia Elisante, mwenyekiti wa kamati ya chakula. Elisante akasema, "Mama Mwinjilisti, hilo niachie mimi." Nikamwachia, maana sikujua kwamba wiki ileile alikuwa na semina Korogwe.

Siku ya harusi nilifika nyumbani kwa Elisante asubuhi, ukungu umeshika migomba, nikamkuta Mama Penina, mkuu wa wapishi, amekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, mikono kichwani. Mama Penina si mtu wa kukaa.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Ng'ombe," akasema.

"Si ndiyo mpango?"

"Nenda nyuma ukaone nani kamuua."

Nyuma, chini ya mparachichi, Elisante alikuwa amesimama, mikono ya shati amekunja, damu mpaka viwikoni, uso unang'aa kwa furaha. Ng'ombe ananing'inia, ameshachunwa. Huko semina mtu mmoja alisimama akasema Mkristo aliyekombolewa hana sababu ya kumwita mtu wa dini nyingine amchinjie. Elisante alilibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Akaamka kabla ya mwadhini. Mama Penina aliniambia baadaye kwamba kabla ya kuchinja alisali sala ndefu hata ng'ombe akachoka kusimama, akalala mwenyewe.

"Mama Mwinjilisti!" akaniita. "Leo tumesimama kwa imani!"

Kabla sijamjibu, Mzee Athumani akatokea kwenye kona ya nyumba. Kofia yake nyeupe, koti lake la baridi, kisu kwenye kitambaa. Akasimama. Akamtazama ng'ombe, akamtazama Elisante. Mimi nikatamani tope la siku yangu ya kwanza lije linipeleke bondeni.

"Shikamoo mzee," Elisante akasema, na sauti yake sasa imepungua.

"Marahaba, mwanangu." Mzee Athumani akakaribia, akamzunguka yule ng'ombe taratibu. "Niambie, Elisante. Huyu umemchinja au umembatiza?"

Hakuna aliyecheka, ingawa ndani yangu kitu kilitaka kutoka. Mzee akakaa kwenye gogo, akaweka kisu chake magotini. Angeweza kuondoka. Angeondoka, kijiji kizima kingejua kabla chai haijaiva, na upande wote wa Bibi Mwanahawa wangebaki majumbani kwao. Alikaa kwa makusudi, na mimi nilimwelewa.

Hapo Neema akatoka ndani. Nywele zimesukwa nusu, nusu bado zimesimama, shuka begani. Alikuwa amesikia. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, maana kulia nimekuzoea kazini.

"Baba mdogo," akamwambia Elisante, "bibi yangu atakula nini?"

"Tutamchinjia kuku! Mzee Athumani yupo hapa. Kuku wawili watatu, tunapika chungu cha pembeni, wao wanakaa kule nyuma, kivulini, pazuri tu..."

Alijisikia mwenyewe. Nilimwona anavyojisikia. Akabaki amesimama na mikono yake ile myekundu. Maana alikuwepo kwenye harusi ya kaka yake, kijana mdogo wakati ule, na lile yai alilibeba yeye. Neema akageuka akarudi ndani, na mlango akaufunga polepole.

"Mungu wangu," Elisante akasema. "Nimefanya nini?"

Nikamvuta pembeni. Nilikuwa na hasira, nisiwadanganye, na nikiwa na hasira mimi husema taratibu. "Elisante, kuna yale maneno ya Mtume kuhusu nyama na ndugu anayekwazika. Si wewe uliyewakaririsha vijana wote wa kipaimara?"

"Ni mimi."

"Unayajua?"

"Kwa moyo, Mama Mwinjilisti. Kwamba nyama ikimkwaza ndugu yangu, afadhali nisiile nyama kabisa..."

"Najua unayajua. Nakuuliza yanapikwaje."

Akanitazama. Akamtazama ng'ombe. Elisante anapenda nyama, jamani, mjue hilo, na ng'ombe yule alimnunua kwa kuuza karoti za msimu mzima. Akafumba macho, nikadhani anaanza sala nyingine, nikataka kumkatiza. Alipoyafumbua akasema, "Hatutamla. Hakuna atakayemla. Leo watu wote wanakula maharage."

Mama Penina alipiga yowe. "Maharage! Harusini! Elisante, watu wametoka mpaka Kwamkoro!"

"Basi watakula maharage ya kutoka Kwamkoro," Elisante akasema, neno ambalo halikuwa na maana yoyote, lakini alilisema kwa uthabiti.

Wanasema Mungu si Athumani. Sawa, lakini asubuhi ile Mungu alimtumia Athumani. Yule mzee aliinuka kwenye gogo, akasema sufuria zilizokwisha kuguswa na nyama zisitumike, akaenda kwake. Baada ya muda tukaona wanawake wa Kiislamu wanateremka kwenye matuta, sufuria vichwani, miko mikononi, na vicheko vinawatangulia. "Tumesikia Walutheri wameingia mfungo!" mmoja alipaza sauti kutoka mbali. Maharage mabichi yalitolewa mashambani kwa vikapu, bado yamo kwenye maganda. Nazi zilikuwepo, zilishapandishwa kutoka Korogwe. Kilichobaki ni kuyamenya, na mikono haikutosha. Basi Elisante, ameshaoga, yuko ndani ya suti, akapita akiwaita wanakwaya. Wale wanaume wa besi, wenye tai nyekundu na tarumbeta zao, wakakaa mkekani wanamenya maharage, kila mmoja ananuna kwa sauti yake. Ng'ombe alikuwa ananing'inia mbele yao muda wote.

Tangazo alilitoa Elisante mwenyewe, mwisho wa ibada, maharusi wakiwa wameshafungishwa ndoa. Alisimama mbele, akasema, "Ndugu, nyama ipo. Nilimchinja ng'ombe mwenyewe kwa kiburi, nikidhani ni imani. Kwa sababu hiyo bibi yake Neema hawezi kumla, na sisi hatutamla. Mnakaribishwa kwenye maharage. Asanteni." Nimewaona Wakristo wetu wakivumilia ukame, misiba, hata mahubiri yangu ya Ijumaa Kuu, lakini sijawahi kuona imani yao ikijaribiwa kama pale. Mzee mmoja wa kwaya akasema, "Bwana asifiwe," kwa sauti ya mtu anayeaga maiti. Na hakuna aliyeondoka. Hilo niwape. Walinung'unika njia nzima, lakini hakuna aliyeondoka.

Bibi Mwanahawa akaja na watu wake, kanga mpya, mkongojo. Akaketishwa mkekani katikati kabisa ya turubai, Mzee Athumani upande huu, wakwe upande ule. Masinia yakaja: wali mweupe, maharage ya nazi, kabichi. Bibi akatazama sinia lake. Akatazama la jirani. Akanyoosha shingo akatazama la mbali.

"Elisante."

Elisante akaja, akachuchumaa mbele yake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Niliambiwa kuna ng'ombe."

"Yupo, bibi. Nilimchinja mimi."

"Wewe? Athumani alikuwa anaumwa?"

"Hakuwa anaumwa, bibi. Ujinga wangu."

Watu wa karibu wakaacha kula. Nilimwona Neema kwenye kiti chake cha maua, mikono ameishika pamoja.

"Kwa hiyo mimi nile maharage," Bibi akasema.

"Wote, bibi. Leo hakuna anayekula nyama."

"Hawa wote?" Akazungusha mkongojo wake, akiwaonyesha Wakristo mmoja mmoja.

"Wote."

"Hata kwaya?"

"Hata kwaya, bibi."

Bibi Mwanahawa akawatazama wanakwaya, tai zao nyekundu, midomo imejaa maharage. Wale wanaume wakainamisha vichwa kama watoto waliokamatwa na sukari. Kitu kikamcheza bibi mdomoni. Akanyoosha mikono, na Elisante akachukua birika, akamnawisha mwenyewe, taratibu, kidole kwa kidole, na machozi yakawa yanamdondokea kwenye beseni na hakuyafuta. Bibi akafinyanga tonge, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna. Turubai lote lilikuwa linamsubiri yule mama atafune.

"Hayana chumvi," akasema.

Mama Penina alipaza sauti kutoka jikoni kwamba chumvi imo, watu wakaangua kicheko, na wengine, mimi nikiwemo, tulikuwa hatuchekeshwi na chumvi. Nyama, ikiwa mnataka kujua, ililala kwenye ghala, na kwa baridi ya huko haikuharibika. Kesho yake Wakristo waliila yote. Sadaka yetu ilidumu usiku mmoja, lakini ilikuwa sadaka.

Hayo ya nyama ni ya kesho yake. Pale mkekani Bibi alikula mpaka sinia likaonekana chini. Kisha akaita, "Neema! Njoo hapa, na hilo gauni lako." Neema akaja, akapiga magoti mkekani, shela limetandazika juu ya maganda ya maharage. Bibi akafinyanga tonge, akamlisha mjukuu wake kwa mkono wake.

"Hili lako," akasema. "Mungu akuweke na mumeo."

Akafinyanga la pili. Wali ukawa unadondoka, akaukusanya tena.

"Na hili la mama yako," akasema. "Siku yake nililiacha."

Neema akafumba macho, akafungua mdomo, akalila.